Lugha iliyobaki jikoni: Wavepsi na ndugu zao wa kaskazini

Wandugu wasomaji, katika kijitabu hiki wenzetu wameandika juu ya mahari, juu ya matanga, na juu ya ginsi ya kumpa mtoto jina. Sisi tumechukua njia ya mbali. Tunataka kuwaeleza habari za watu wanaoitwa Wavepsi, wanaokaa kule Urusi, katika inchi ya misitu na maziwa. (Tunasema maziwa ya maji, si ya ng'ombe, lakini na ng'ombe wako nao, tutawakuta mbele.) Mtu atauliza: watu wa baridi na barafu wanatuhusu nini, sisi wa Katanga? Tunaomba avumilie kidogo. Siku ile tuliposoma habari zao mara ya kwanza, tulifikiri mtu amepita nyumbani mwetu, akasikiliza mlangoni, kisha akaenda kuandika.

Fasi yao iko kati ya maziwa matatu: Ladoga, Onega, na lile ambalo Warusi wanaliita Ziwa Jeupe. Ukitazama karte ya Urusi, ni upande wa kaskazini-mashariki ya mji wa Saint-Pétersbourg. Lakini huwezi kukuta jimbo moja lenye jina lao. Vijiji vyao vimegawanyika kati ya sehemu tatu za serkali: Jamhuri ya Karelia, jimbo la Leningrad na jimbo la Vologda. Mpaka umechorwa bironi, na watu wa kabila moja wamejikuta kila mmoja na wakubwa wake, na barabara yake, na mji wake wa kwenda kutafuta karatasi. Sisi watu wa Kongo hatuna haja ya kuelezwa jambo hilo mara mbili.

Ni watu wa zamani sana. Mwarabu mmoja msafiri, Ibn Fadlan, alifika kwenye mto Volga mwaka wa 922, na mfalme wa kule akamwambia habari za watu wanaoitwa Wisu, wanaokaa mbali sana upande wa kaskazini, ambako usiku wa kiangazi ni mfupi mno. Wenye elimu wengi wanafikiri wale Wisu ndio Wavepsi. Vitabu vya kale vya Warusi navyo vinawataja kwa jina la Ves. Basi wakati ule jina lao lilikuwa limeshafika kwenye karatasi za Waarabu, sawa vile majina ya miji ya pwani ya Waswahili yalivyofika humo.

Na kuna kitu kingine ambacho watu wanapita mbele yake bila kujua. Mtu akienda Paris, katika Invalides, ataona kaburi la Napoléon, jiwe kubwa jekundu lenye kung'aa. Lile jiwe lilichimbwa Shoksha, kando ya ziwa Onega, katika vijiji vya Wavepsi wa kaskazini. Wavepsi walikuwa mafundi wa mawe, walikwenda mpaka mbali kufanya kazi ya kupasua na kuchonga. Sisi wa inchi ya machimbo tunaijua habari hiyo: jiwe linasafiri, linapata jina kubwa kule linakofika, na jina la kijiji chake linabaki ndani ya shimo.

Tuzungumze sasa juu ya jina. Wazee wao wengi, ukiwauliza ninyi ni nani, hawakusema Wavepsi. Wengine walijibu neno lao lenye maana ya "watu wa hapa". Ni jibu la mtu ambaye hajawahi kuhama na hajaona sababu ya kujitafutia jina. Wageni ndio waliowapa majina, na moja lilikuwa la kudharau: chukhari. Ni neno la kumwambia mtu kwamba ni mshamba, hajui kusema vizuri, ametoka porini. Watoto walilisikia sokoni na shuleni. Tena, jambo la kushangaza, wengine walilizoea mpaka wakajiita vile wenyewe.

Lugha yao si ndugu ya Kirusi hata kidogo. Iko katika jamaa moja na Kifini cha Finlandi, Kiestonia, Kikarelia, na lugha nyingine ndogo za kando ya bahari ya Baltiki: Kiizhora, Kivoti, Kilivonia. Mtu wa kwetu anaelewa upesi udugu wa namna hii. Sisi tunasema tatu. Mubemba naye anasema -tatu. Muluba anasema -satu. Hakuna aliyekopa kwa mwenziwe, ni mama mmoja aliyewazaa. Sasa sikiliza wale: kuhesabu moja, mbili, Mvepsi anasema üks', kaks', Mfini yksi, kaksi, Mwestonia üks, kaks. Samaki ni kala kwa wote watatu. Mkono kwa Mvepsi ni käzi, kwa Mfini käsi. Na kitu kimoja kitawafurahisha wale walioteswa na Kifaransa shuleni: lugha hii haina mambo ya "le" na "la". Mwanaume na mwanamke, wote wawili ni hän, kama sisi tunavyosema yeye, basi, kazi imekwisha.

Lakini ina utajiri wake. Sisi tunasema msituni, na neno hilo moja linatosha: niko msituni, ninaingia msituni, ninatoka msituni. Mvepsi hakubali. Msitu ni mec. Aliye ndani ya msitu yuko mecas. Anayeingia anakwenda mecha. Anayetoka, anatoka mecaspäi. Mwisho wa neno ndio unaokuonyesha miguu ya mtu inaelekea wapi. Namna hizo za kubadilisha mwisho wa neno zinapita ishirini. Mtu anayesema kwamba lugha ya kijiji ni lugha maskini, mpelekeeni hesabu hiyo.

Tumeanza na msitu kwa sababu. Kwa Wavepsi, msitu ulikuwa shamba, duka, na kanisa la upande. Wazee wao walikata miti, wakachoma, wakapanda nafaka juu ya majivu kwa miaka michache, kisha wakahamia sehemu nyingine na kuacha udongo upumzike. Mtu wa kwetu akisikia anacheka: si njo mashamba yetu yale yale? Tofauti ni kwamba wao walipanda nafaka nyeusi ya inchi za baridi, na kwa unga wake wanatengeneza kalitkad, mikate midogo iliyo wazi katikati, yenye viazi ao uji juu yake. Waliishona hata ngozi ya miti: kutoka kwenye ganda la mti mmoja mweupe wa kule walisuka viatu, vikapu na mifuko ya kubeba mgongoni.

Na msitu una mwenyewe. Wanamwita mecižand, maana yake bwana wa msitu. Mtu hakuingia kule na matusi mdomoni. Alimwomba ruhusa, na akamwachia kitu kidogo, mkate ao tumbako. Ng'ombe akipotea, hawakusema tu kwamba amepotea. Walisema bwana wa msitu amemfunga, labda mtu amekanyaga njia isiyofaa, labda mchungaji amevunja mwiko. Mchungaji wa kijiji alikuwa na sherti zake: majira yote ya kuchunga hakunyoa nywele na hakuchuma matunda ya porini, kwa maana amefanya mapatano na mwenye msitu juu ya ng'ombe za watu. Ikishindikana kabisa, walikwenda kwa noid, yule mzee mwenye kujua maneno. Wakati huohuo walikuwa Wakristo wa Kanisa la Orthodox tangu karne nyingi, wakiwasha mishumaa mbele ya picha za watakatifu. Mapadri wao bila shaka waliwakemea. Na jioni padri mwenyewe ng'ombe wake akipotea… lakini tusiseme mambo ambayo hatukuyaona.

Wanawake walikuwa na nyimbo zao. Ziko nyimbo fupi, mistari minne hivi, ambazo wasichana waliimba msituni wakichuma matunda, mmoja upande huu, mwingine upande ule, ili wasipotezane na ili wasiogope. Ziko pia maombolezo. Bibi-arusi aliliaga nyumba ya wazazi kwa kulia kwa maneno yaliyopangwa, na maiti aliagwa vilevile. Si kila mwanamke aliweza. Kulikuwa wale waliosifiwa kwa kazi hiyo, waliojua kumwita marehemu kwa majina ya upendo bila kulitaja jina lake lenyewe. Wenye kuhudhuria matanga ya mama zetu wanajua kwamba kilio kinachopangwa vizuri kinahitaji lugha ya mama. Huwezi kumlilia mtu kwa lugha ya biro.

Tunafika kwenye maumivu.

Kwa muda mrefu Kivepsi hakikuandikwa. Wageni wenye elimu ndio waliokiandika kwanza kwa kujifunza: Sjögren aliwakuta Wavepsi mwaka wa 1824, na Elias Lönnrot, yule aliyekusanya Kalevala ya Wafini, aliwatembelea mwaka wa 1842 na kuandika kitabu juu ya lugha yao mwaka wa 1853. Lakini mtoto wa Kivepsi hakuwa na buku. Hiyo ilikuja katika miaka ya 1930. Serkali ya Kisovieti wakati ule ilitaka kila kabila lisome kwa lugha yake. Wakatengeneza alfabeti kwa herufi za Kilatini, na mwaka wa 1932 buku la kwanza la kusomea likatoka. Mpaka mwaka wa 1937 vitabu karibu 30 vilichapishwa, vya hesabu, vya kusoma, vya mambo ya asili, na shule nyingi za msingi zilifundisha kwa Kivepsi. Fikirini: miaka mitano tu.

Mwaka wa 1937 upepo uligeuka. Yale yaliyosifiwa jana yakawa kosa. Masomo ya Kivepsi yalifungwa, vitabu viliondolewa shuleni na vingine vikachomwa moto, na watu waliofanya kazi hiyo wengine walikamatwa. Mtoto aliyeanza mwaka wa kwanza kwa Kivepsi alijikuta mwaka unaofuata mbele ya Kirusi. Baadaye ikaja vita, na upande mmoja wa inchi yao ukakaliwa na jeshi la Finlandi toka 1941 mpaka 1944. Kisha, miaka ya 1950 na kuendelea, vijiji vidogo viliambiwa havina faida: shule inafungwa, duka linafungwa, barabara haitengenezwi, basi watu wenyewe wanahama. Vijana walikwenda mijini, na mjini ni Kirusi.

Hesabu inasema kuliko maneno yetu. Mwaka wa 1926 walihesabiwa Wavepsi zaidi ya 32,000. Mwaka wa 1959 walibaki 16,000 na kitu. Mwaka wa 1979 karibu 8,000. Halafu angalia: mwaka wa 1989 wamepanda, ni zaidi ya 12,000! Ni watoto wangapi wamezaliwa katika miaka kumi? Si watoto. Ni kwamba mbele ya hapo, makarani waliwaandika watu wengi kuwa Warusi, ao watu wenyewe waliona haya na hofu kujitaja. Mwaka wa 1989 hewa ilikuwa imefunguka kidogo, na watu wazima, baba na mama wenye mvi, wakasema mbele ya karani: andika Mvepsi. Tukisoma namba ile tunasimama. Wale watu 4,000 walikuwa wamejificha wapi? Walikuwa jikoni.

Sisi tulijua kujificha kwa namna hiyo. Katika shule yetu, ambayo hatutaitaja, kulikuwa kipande cha ubao chenye kamba, tulikiita simbole. Aliyekutwa anasema Kisanga ao Kibemba kwenye uwanja alivalishwa shingoni, na akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Kwa hiyo mchana wote ulikuwa ukimtafuta ndugu yako ili umsaliti. Jioni tukifika nyumbani, kambo alituuliza jambo kwa Kisanga na sisi tukamjibu kwa Kiswahili, upesi, bila kumwangalia. Hakutukemea hata siku moja. Alipunguza tu maneno aliyotuambia, kidogo-kidogo, mpaka akabaki na salamu na majina ya vyakula.

Kwa Wavepsi ilikuwa hivyo hivyo. Wazazi waliopigwa kwa maneno shuleni waliamua kuwasemea watoto Kirusi, kwa upendo, ili wasiteswe. Hakuna serkali inayoweza kukataza lugha vizuri kuliko mama anayempenda mtoto wake.

Lakini kulikuwa wachache wenye kichwa kigumu. Mmoja ni Rurik Lonin, aliyezaliwa mwaka wa 1930. Hakuwa profesa, alikuwa mfanyakazi katika shamba la serkali. Alizunguka vijijini akiokota vitu ambavyo watu walikuwa wakitupa, vyombo vya mbao, mashine za kusuka, nguo za arusi, na pamoja na vitu aliandika hadithi na nyimbo kutoka kinywani mwa wazee. Mwaka wa 1967 akafungua nyumba ya kumbukumbu ya Wavepsi katika kijiji cha Sheltozero, na mpaka leo inapokea watu ndani ya nyumba ya zamani ya mbao. Tunapenda kuwaza ginsi jirani walivyomcheka mwanzoni: huyu anakusanya takataka! Alifariki mwaka wa 2009.

Mwingine ni mama Nina Zaitseva, aliyezaliwa mwaka wa 1946 katika kijiji cha Vologda, akawa mwenye elimu ya lugha katika Petrozavodsk. Mwaka wa 1989 alfabeti mpya ilikubaliwa, tena kwa herufi za Kilatini, na mwaka wa 1991 yeye na mwenzake Maria Mullonen wakatoa Abekirj, buku la watoto la kuanza kusoma. Zaidi ya miaka hamsini ilikuwa imepita tangu masomo yafungwe. Katika miaka ile likaanza pia gazeti lao, Kodima, jina lenye maana ya inchi ya nyumbani. Mwaka wa 2006 Agano Jipya zima likatoka kwa Kivepsi, ni Zaitseva aliyetafsiri. Na mwaka wa 2012 akatoa Virantanaz, utenzi mrefu wa kwanza katika lugha hiyo. Tena toka mwaka wa 1987 kuna sikukuu katika kijiji cha Vinnitsy, inayoitwa Mti wa Uzima, ambako watu wa majimbo yale matatu wanakutana, wanaimba, wanakula, wanatafutana ndugu.

Hatutaki kuwadanganya kwamba basi yote yamepona. Kuanzia 1994 Wavepsi wa Karelia walikuwa na wilaya yao ndogo yenye jina lao. Ilipofika 2006 ikafutwa katika mabadiliko ya utawala. Sheria ya Urusi ya mwaka wa 2002 inataka lugha rasmi ya kila jamhuri iandikwe kwa herufi za Kirusi. Kikarelia na Kivepsi vinaandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo katika Karelia lugha rasmi ni Kirusi peke yake. Na hesabu imeshuka tena: 8,240 mwaka wa 2002, 5,936 mwaka wa 2010, karibu 4,500 mwaka wa 2021. Wenye kuisema lugha ni wachache kuliko hao, na wengi ni wazee.

Ndugu zao wana hali mbaya zaidi. Wavoti, waliohamishwa na Wajeremani mpaka Finlandi mwaka wa 1943 kisha wakatawanywa na Wasovieti walipowarudisha, walihesabiwa 64 tu katika Urusi nzima mwaka wa 2010. Kwa Walivonia wa Latvia, mtu wa mwisho aliyekuwa ameinyonya lugha hiyo pamoja na maziwa ya mama, Grizelda Kristiņa, alifariki mwaka wa 2013 kule Kanada, akiwa na miaka 103. Tunawaza: mama huyu, katika miaka yake ya mwisho, alipoota ndoto usiku kwa Kilivonia, asubuhi alimwelezea nani?

Sasa tuseme jambo ambalo labda halitawapendeza wenzetu wa chama. Tunapenda kulaumu Kifaransa na wabeleji. Lakini katika miji yetu ya Katanga, lugha iliyofanya kazi ya Kirusi si Kifaransa. Ni Kiswahili, hiki hiki tunachoandikia. Kilikuja na wafanyakazi wa machimbo, kikaingia kambini, kikatuunganisha watu wa makabila mengi, na hatukikatai, ni chakula chetu. Watoto wetu wanatukana kwacho na kuomba Mungu kwacho. Lakini kilipokaa mezani, Kisanga kiliondoka jikoni, na hakuna aliyekivalisha simbole Kiswahili. Tena kijitabu hiki kinachosifu desturi za wazee hakina hata ukurasa mmoja kwa lugha ya wazee wale. Tulilisema neno hilo katika mkutano, tukajibiwa kwamba hakuna atakayesoma. Ni kweli. Na Lonin naye, mwaka wa 1967, nani angesoma?

Mwaka uliopita tulikwenda kwa shangazi yetu wa kijijini na daftari ya kurasa mia moja. Tulimwomba atuambie majina ya vitu vya jikoni tu, kwanza hivyo. Alicheka sana, akasema: "Kumbe mumerudi? Nilizani hamukipendi." Kisha akaanza na kinu. Tulijaza kurasa saba kabla ya giza kuingia, na alipofika kwenye jina la ule mti wa kukorogea bukari alinyamaza, akashika paji la uso, akasema limemtoka, turudi kesho.